Msilizibe Kosa Mdomo

Vijana wenzangu wa kompyuta, leo nitawaudhi. Kuna mtindo umezuka, nao eti tunauita ufundi: skripti ikigoma, unaitia amri ya kupuuza kosa, inapita, unakwenda kunywa chai. Nasema huo si ufundi. Mficha maradhi kilio humfichua.

Chukueni Chef, programu iliyotolewa mwaka 2009 ili seva nyingi zipangwe kwa maandishi badala ya mkono. Maandishi hayo huitwa mapishi, na hutungwa kwa lugha ya Ruby. Kila kinachopangwa, iwe faili, iwe huduma, ni rasilimali. Zilizopo zisipokutosha, unajitungia yako. Hapo ndipo makelele yanapoanza: "Chef ina wazimu!"

Wazimu gani? Chef hupita mara mbili. Kwanza husoma mapishi na kuzipanga rasilimali foleni, kisha ndiyo huzitekeleza. Ruby tupu hukimbia katika mpito wa kwanza. Sasa wewe unasoma faili ambalo litaandikwa mpito wa pili, halafu unashangaa halipo! Ndani ya rasilimali yako mchezo ni ule ule, mpaka uandike unified_mode true, iliyokuja mwaka 2019, ndipo kazi hufuatana kama mistari yako.

Ugonjwa mbaya zaidi ni wa kimya. Umeandika faili la mipangilio kwa File.write. Faili limebadilika kweli, lakini Chef haina habari, basi haiiambii huduma ianze upya. Ripoti safi, faili jipya, huduma bado inaishi jana. Kazini nimeona neno la siri lililovuja "likibadilishwa" hivyo. Wakubwa wakapongezana, na lile la zamani likaendelea kufungua mlango!

Dawa ipo. Tumia rasilimali za Chef zenyewe ndani ya kitendo chako, au izungushie Ruby yako converge_by. Kisha endesha mara mbili: mara ya pili pasibadilike kitu. Pakibadilika, kuna jambo, litafute.

Nanyi watunzi wa hadithi msicheke. Mnawajua wale rafiki wanaosifu kila mswada. Kosa halisifu mtu, linataja faili na mstari. Lisomeni lote kabla ya kulinyamazisha. Anayebisha na aandike, nitamjibu.