Nadharia za Fedha na Hasara Isiyo na Mwenyewe

 

Baada ya darsa ya Ishaa hapa Bujora, kijana mmoja anayesomea uhasibu mjini Mwanza alisimama akatuambia kwamba sisi walimu wa madrasa tunahukumu tusichokijua. Kwa maelezo yake, elimu ya fedha ni hesabu tupu, haina dini wala upande, na riba ni bei ya muda kama vile nauli ilivyo bei ya safari. Wenzake walitikisa vichwa kumuunga mkono. Sikumkemea, kwani alisema yale aliyofundishwa. Lakini madai hayo yanastahiki jibu, na ni bora yajibiwe kwa hoja za wakubwa wa fani hiyo hiyo.

Elimu ya fedha ni tawi la uchumi, na uchumi huuliza mali inazalishwaje na inagawanywaje. Tawi hili lilipoanza kuchipua, wenye shina hawakulitambua. Harry Markowitz alipotetea tasnifu yake huko Chicago katika miaka ya 1950, juu ya namna ya kutawanya mtaji ili kupunguza hatari, Milton Friedman alimwambia kuwa kazi ile si uchumi. Shahada alipewa, na mwaka 1990 akapata Tuzo ya Nobel. Akiipokea alikiri kwamba wakati ule Friedman hakukosea, ila sasa fani hiyo imeingia katika uchumi. Sawa, imeingia. Je, imeingia pamoja na swali la nani anazalisha, au imeliacha mlangoni?

Mwaka 1958 Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha kwamba, katika soko lisilo na kodi wala gharama za kufilisika, thamani ya kampuni hutokana na kile mali zake zinachozalisha, wala haibadiliki kwa namna mtaji ulivyogawanywa baina ya mikopo na hisa. Tafakari, ndugu msomaji. Kwa lugha ya wavuvi wa Igombe, thamani ya mtumbwi ni samaki unaowaleta. Karatasi ya mkopo haiongezi hata dagaa mmoja. Basi ziada anayoidai mkopeshaji inatoka wapi, kama si ndani ya wavu wa mvuvi? Na wavu ukirudi mtupu?

William Sharpe, mwaka 1964, alifundisha kwamba faida inayozidi ile ya uhakika ni ujira wa kubeba hatari. Mafuqaha wetu walikwishalisema jambo lililo karibu na hilo katika kanuni ya al-ghunmu bil-ghurmi: mwenye kustahiki faida ni yule aliye tayari kubeba hasara. Mpaka hapo hatugombani. Tunaachana pale nadharia inapoanza kwa kuchukulia kwamba ipo faida ya uhakika, ambayo mtu huipata kwa kungoja tu. Irving Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1930, aliieleza riba kwa mambo mawili: watu hupenda kupata leo kuliko kesho, na mtaji una nafasi ya kuzaa. Hatukanushi kwamba muda una uzito. Wengi wa mafuqaha wameruhusu bidhaa ya mkopo iuzwe ghali kuliko ya taslimu. Tunachokanusha ni kwamba kungoja peke yake kunazaa. Uhakika wa mkopeshaji haukushuka kutoka mbinguni. Umepatikana kwa sababu hatari yote amebebeshwa mkopaji.

Nenda mwaloni ushuhudie. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mwezi ukipevuka, mitumbwi hukaa nchi kavu. Lakini rejesho la mkopo, ule ambao watu wenyewe wameuita kausha damu, hudaiwa kila wiki, mwezi ukiwa mwembamba au mpevu. Mama muuza dagaa anakopa kwingine ili alipe huku, kisha hubebwa godoro na televisheni. Hatari haikutoweka, ilikuwa imelala juu ya godoro lile.

Wazee wa Kisukuma, wengi wao si Waislamu, wanayo desturi ya kuwekesha ng'ombe kwa jirani. Mchungaji hupata maziwa na samadi. Ng'ombe akifa bila uzembe, mwenye mali huletewa ngozi, na msiba ni wake. Hakuna mzee aliyesoma Chicago, lakini anajua kwamba ongezeko la mali ni ndama, na ndama anaweza kufa.

Haya yasitufanye tujitukuze. Miongoni mwetu wapo waliolichukua deni lile lile wakalivika kanzu. Katika tawarruq iliyopangwa, mteja huuziwa kwa mkopo bidhaa asiyoiona, ikauzwa papo hapo kwa niaba yake, akapewa fedha taslimu na kubaki na deni kubwa zaidi. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Sharjah mwaka 2009, iliamua kuwa haijuzu. Tangu mwaka 2011 nchi yetu ina benki kamili ya Kiislamu, na baadhi ya benki za kawaida zina madirisha ya Kiislamu. Tunaziomba zote, bila kuituhumu yoyote, ziutangazie umma kwa lugha nyepesi: ni sehemu gani ya fedha zake imetolewa kwa mudharaba na musharaka, na mwaka wateja walipopata hasara, zenyewe zilibeba kiasi gani? Kijana wetu wa uhasibu amekubali kuja kutusomea hesabu hizo msikitini zikipatikana.