Hombolo: Si Kila Udhaifu Ni wa Injini

Jumamosi iliyopita nilikuwa Hombolo, kando ya bwawa lililojengwa mwaka 1957, kaskazini-mashariki mwa Dodoma. Vijana wa kikundi cha wavuvi walinionyesha mashua yao ya mbao ya mita 6, yenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 10 iliyofungwa ndani.

"Mwalimu, tunaomba mkopo wa halmashauri tufunge ya farasi 20, mwendo uwe mara mbili," aliniambia katibu wao.

Niliwasihi wasisaini kwanza.

Katika karne ya 19, mhandisi Mwingereza William Froude alionyesha kwamba chombo kinachopasua maji, badala ya kuteleza juu yake, hubanwa na urefu wake chenyewe. Kwa mashua ya mita 6, ukomo huo ni takriban kilomita 11 kwa saa. Ukiukaribia, chombo hujijengea wimbi na kuhangaika kulipanda. Hata kabla ya kufika hapo, ukizidisha nguvu mara mbili, mwendo huongezeka kwa takriban robo tu. Deni, kwa upande wake, halina ukomo wa namna hiyo.

Tuliikagua mashua pamoja. Sehemu ya chini ilikuwa imeganda tope na majani ya maji. Rafadha, au propela kama mafundi waitavyo, ilikuwa imelika ncha. Shafti haikunyooka na injini. Ekzosi ilitoa moshi mweusi, dalili ya injini iliyozidiwa mzigo au isiyopata hewa ya kutosha. Farasi 10 walikuwapo. Wengi wao walikuwa wakipotea njiani. Na injini kubwa isingekuja peke yake: ingedai shafti nene, rafadha nyingine na mbao imara za kuibeba.

Kuna jambo zito zaidi. Bwawa lenyewe linajaa udongo unaoletwa na maji ya Kinyasungwe Mdogo kutoka mashamba na malisho ya juu. Maji yakiwa ya kina kifupi, mashua huburuta zaidi, rafadha kubwa hugonga chini, na tope huziba njia ya maji ya kupozea injini. Hakuna injini inayotibu hilo.

Siipingi mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Haina riba, na imewainua wengi. Lakini isiyo na riba bado hurejeshwa, na kijana aliyenunua nguvu asizoweza kuzitumia atarejesha kwa samaki wale wale aliokuwa akiwavua jana. Napendekeza mambo mawili: ombi la chombo kipya liambatane na ukaguzi wa fundi, na ukarabati mdogo ukopesheke kama ununuzi. Aidha, upandaji miti na makinga maji ya mashamba ya juu yahesabiwe kuwa sehemu ya maendeleo ya uvuvi.

Tumezoea kuyapima maendeleo kwa vifaa vinavyozinduliwa. Kifaa kilichotengenezwa vizuri hakikatiwi utepe, wala hakipigwi picha.

Nilipoondoka jioni, vijana walikuwa wameivuta mashua nchi kavu na kuanza kuikwangua. Fomu ya mkopo ilikuwa bado mfukoni mwa katibu, haijajazwa.