Treni Kuukuu Hazifi, Huhama

Kila inapotajwa treni ya kuunganisha stesheni ya Miritini na mjini Mombasa, swali la kwanza huwa ni nauli. La pili, itaanza lini. Mimi nina la tatu: kichwa kitakachovuta mabehewa hayo kina umri gani, na kinatoa moshi kiasi gani?

Nauliza kwa sababu ya yaliyotokea Marekani. Huko, vichwa vya treni vinavyoundwa tangu 2015 vinabanwa na kiwango kikali cha moshi kiitwacho Tier 4. Shirika la Caltrain, linalobeba abiria kati ya San Francisco na San Jose, lilikuwa bado na vichwa vya dizeli vya miaka ya 1980. Agosti 2024 likaanza kutumia treni za umeme kwenye njia hiyo.

Vile vya zamani je? Havikwenda kuyeyushwa vyote. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba vichwa 19 na mabehewa 90 yatauzwa Lima, Peru. Wakaazi wa San Francisco wamepata nafuu, lakini moshi haukuisha. Umehama.

Tusiwacheke wa Lima. Mwaka 2020, treni za dizeli zilizokwisha kutumika kisiwani Mallorca, Uhispania, zilinunuliwa kwa ajili ya abiria wa Nairobi, 11 kwa jumla. Sheria zikikazwa kwao, vyuma vyao huja kwetu.

Sisemi kila mtumba ni mbaya. Treni kuukuu iliyojaa abiria yaweza kuwa afadhali kuliko msururu wa matatu uliokwama Changamwe, kila moja ikitoa moshi wake. Lakini rahisi ghali: tunachookoa dukani tutakilipa kwa vipuri, kwa dizeli na kwa vifua vya watoto wanaoishi kando ya reli.

Wala umeme si ndoto ya wazungu peke yao. Jirani zetu Tanzania wanasafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, ilhali SGR yetu ya 2017 ingali inakunywa dizeli.

Kwa hivyo, ndugu zangu, wakija viongozi kutuahidi treni, tusipige makofi upesi. Tuwaulize kwanza: imeundwa mwaka gani, ilikuwa wapi, na kwa nini wenyewe waliiacha?