Mtoto wa Nyoka Akikataa Kula, Tumlazimishe?

Katika vitongoji vya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam kama Goba, ambako nyumba zinazidi kujengwa juu ya vilima vilivyokuwa mashamba na vichaka, si ajabu mtu achimbaye msingi kufukua mayai ya nyoka. Tuseme mwanafunzi mdadisi ameyapeleka shuleni, nayo yakaanguliwa katika kasha la mchanga. Baada ya siku chache huzuka swali: mbona makinda haya hayali? Hapo hakosekani mshauri wa kusema kinywa kifunguliwe kwa kijiti na nyama isukumwe ndani. Kwa maoni yangu, ushauri huo ni mbaya. Unachukulia mgomo wa mnyama kuwa ni ukaidi, ilhali mgomo huo ni habari ya kisayansi inayongoja kusomwa.

Kwanza, je, kinda hilo lina njaa? Nyoka anapotoka katika yai huwa bado amebeba tumboni mabaki ya kiini, nayo ndiyo akiba yake ya siku za mwanzo. Aghalabu hatafuti chakula mpaka ajivue gamba la kwanza, yaani baada ya wiki moja au mbili hivi. Isitoshe, mwili wake hautengenezi joto la kutosha kuyeyushia chakula. Hutegemea joto la mahali alipo. Nyoka aliye katika baridi, au aliyewekwa katika chombo cheupe kisicho na maficho huku darasa zima likimchungulia, hana sababu ya kula. Anachohitaji ni joto la wastani, giza, maji na utulivu.

Pili, je, tumempa chakula chake? Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa Marekani Gordon Burghardt aliwapima nyoka wachanga ambao hawakuwa wamewahi kula chochote. Aliwasogezea vijiti vya pamba vilivyochovywa katika maji yenye harufu ya wanyama mbalimbali. Nyoka hao walitoatoa ulimi kwa wingi, hata kushambulia pamba, pale tu harufu ilipokuwa ya windo la jamii yao. Ulimi wa panda huipeleka harufu kwenye kiungo cha Jacobson kilichomo katika kaakaa, na uamuzi wa kula huanzia hapo. Nyoka huzaliwa akijua ni nini chakula chake.

Tuna mifano yetu. Yupo nyoka wa kahawia aingiaye majumbani, ambaye wanasayansi humwita Boaedon. Akikua huwinda panya, lakini akiwa mdogo hupendelea mijusi. Ndiyo maana wafugaji stadi humpaka mtoto wa panya harufu ya mjusi, na kinda lililogoma kwa majuma hula mara moja. Yupo pia nyoka mla-mayai, Dasypeltis, asiye na sumu, ambaye hula mayai ya ndege tu. Huyapasua kwa miiba ya uti wa mgongo iliyomo kooni, akameza ute na kiini, kisha akatema ganda. Kumpa kinda lake panya ni kazi bure, na yai la kuku ni kubwa mno kwake. Ukimsukumia nyama kooni utamjeruhi, na huenda akaitapika. Kulisha kwa nguvu ni tiba ya mwisho, nayo ni ya daktari wa mifugo mwenye ujuzi huo.

Lakini lipo swali linalotangulia yote: huyu ni nyoka gani? Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, bingwa wa nyoka wa jumba la makumbusho huko Chicago, aling'atwa na nyoka mchanga wa miti wa Afrika, Dispholidus, aliyeletwa ili atambuliwe. Alifariki siku iliyofuata. Jamii hiyo ya nyoka ipo Tanzania. Udogo wa nyoka si dhamana ya usalama, na hata mtoto wa kifutu ana sumu. Aidha, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 humtaka afugaye wanyamapori awe na kibali.

Kwa hiyo nashauri: shule isiyo na kibali wala mtaalamu isifuge nyoka hata kidogo. Mayai yaachwe yalipo, na nyoka akionekana asiguswe bali waitwe wanaojua. Pengine mwalimu atauliza, basi tutafundishaje biolojia pasipo mnyama hai? Jibu liko ukutani. Mjusi kafiri awindaye wadudu karibu na taa anaweza kuchunguzwa kila usiku bila kushikwa: anakula saa ngapi, katika joto la nyuzi ngapi, na ni wadudu gani anaowaacha wapite. Mwanafunzi atakayejaza daftari kwa majibu hayo ataelewa kwa nini kinda la nyoka hukataa kula, wala hatahitaji kijiti cha kulifungulia kinywa.