Sauti ya Marehemu Si Mali ya Kuokota

Leo nina jambo la kuungama, na nina neno kwa makanisa yetu ya Kisii na Nyamira. Soma mpaka mwisho kabla hujaandika "Amina".

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, vijana wa sifa walinifuata nyuma ya kanisa. Walikuwa na simu kuukuu ya mwalimu wetu wa kwaya, aliyelala katika Bwana mwaka jana. Ndani yake walikuta nyimbo 11 ambazo hakuwahi kutufundisha. Alijirekodi usiku jikoni kwake, gitaa mkononi, mvua ikipiga mabati. Nyimbo 4 ni za Kiswahili na 7 ni za Ekegusii.

Vijana wana mpango. Wazipeleke studio Kisii mjini, waondoe sauti yake kwa sababu ina kikohozi, kijana mmoja aziimbe upya, waongeze ngoma na kinanda, kisha waziweke YouTube kwa jina la kanisa. Mapato yalipe deni la spika. Wakaniambia, "Pasta, hata yeye atafurahi huko aliko."

Nilikuwa karibu kusema, "Endeleeni." Ndipo Roho akanikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau kwa hiari yangu. Miaka 3 kabla ya kufa, Mwalimu alinijia ofisini akaomba kanisa limsaidie shilingi 15,000 akarekodi. Nikamjibu, "Mwalimu, tumalize paa kwanza." Paa likaisha. Sikumwita. Naye, kwa heshima aliyokuwa nayo, hakuuliza mara ya pili.

Mpendwa, fungua Mathayo 23:29. Yesu anawakemea watu wanaojenga makaburi ya manabii na kuyapamba. Kaburi zuri halikuwa kosa. Kosa ni kwamba nabii alipokuwa hai hakuna aliyemsikiliza. Nilipousoma mstari huo usiku ule, niliona paa letu jipya.

Najua mtu atauliza, "Pasta, mbona sasa utatuhubiria habari za wanamuziki wa dunia?" Vumilia kidogo. Sikutumi baa. Lakini jambo hili limewapata wao kabla yetu, na mtu mwenye hekima hujifunza hata kwa jirani asiyesali naye.

Kulikuwa na mpiga gitaa wa Kisa, huko Uluhyani, akiitwa George Mukabi. Alipiga kwa mtindo wa omutibo, vidole vikicheza kwenye nyuzi huku chupa ya soda ikigongwa kushika mdundo. Wazee wengi bado wanaukumbuka wimbo wake "Sengula Nakupenda". Aliuawa mwaka 1963 akiwa bado na nguvu zake. Zilizobaki ni santuri zake za zamani, zimetawanyika huku na huko. Zaidi ya miaka 50 ikapita, ndipo kampuni ndogo ya Marekani, Olvido Records, ikazitoa upya katika albamu iitwayo "Furaha Wenye Gita".

Sasa sikiliza. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alishika gitaa akazipiga nyimbo za babake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo ziko namna mbili. Iko sauti ya baba kutoka kwenye santuri, na iko sauti ya mtoto. Mtoto hakumfuta baba ili asikike yeye. Anayetaka kumsikia baba atamsikia baba, na anayetaka kumsikia mwana atamsikia mwana. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia.

Tazama pia D.O. Misiani wa Shirati Jazz, ambaye benga yake ilivuma mpaka huku kwetu milimani. Alizaliwa Shirati, Tanzania, akaishi na kuimba Kenya, akafa kwa ajali ya barabarani mwaka 2006. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ya London ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zake za miaka ya 1970. Ni kazi njema, siipingi. Lakini nauliza: kwa nini sisi wenyewe, tuliokuwa nazo mlangoni, tusiwe wa kwanza kuzitunza?

Na liko suala la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utunzi wa muziki maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 zaidi kuanzia mwisho wa mwaka aliokufa. Warithi wa Misiani wana haki hiyo mpaka mwisho wa 2056. Mwalimu wetu naye ana warithi: mjane na watoto wanne. Kanisa halirithi utunzi wa mtu kwa sababu tu aliimba mbele ya madhabahu yake. Yakobo 5:4 inasema juu ya ujira uliozuiliwa, jinsi unavyolia mpaka kwenye masikio ya Bwana. Usidhani ujira wa mwimbaji haulii.

Kuna atakayesema, "Lakini hata Biblia inaruhusu kurudia kazi." Kweli kabisa. Soma Yeremia 36. Mfalme alilikata gombo na kulichoma moto, na Baruku akaliandika upya, na maneno mengi ya namna ileile yakaongezwa. Lakini angalia aliyekuwa akiyasema maneno hayo. Ni Yeremia mwenyewe, akiwa hai. Baruku hakukaa peke yake akaamua nabii angependa kusema nini zaidi. Aliye hai anaweza kuongeza na kupunguza katika kazi yake. Aliyekufa hawezi kutuambia, "Hapo mmenikosea." Kwa hiyo sisi tuliobaki tutembee polepole.

Alhamisi nilikwenda kwa mjane, ng'ambo ya Keroka. Kabla ya kutaja simu nilimwambia habari ya zile 15,000 na paa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, alikuja nyumbani siku hiyo akaniambia uko sahihi." Ndugu yangu, ningependa angenitukana.

Tulicheza wimbo mmoja. Pale penye kikohozi, vijana waliokuja nami waliinama kwa aibu. Mama akainua mkono. "Hicho msikiondoe. Ndicho nilichokuwa nikikisikia usiku nikijua bado yuko." Halafu akasema watoto wake wazisikie zote kwanza, ndipo atatupa jibu.

Basi tunangoja. Akikataa, simu inarudi kwake na hakuna mtu atakayemsumbua. Akikubali, sauti ya Mwalimu itatoka kama ilivyo, na mvua yake na kikohozi chake, kwa jina lake, na mapato yaende kwa familia. Vijana wakitaka kuziimba upya, waziimbe kwa majina yao, wakisema wazi ni utunzi wa nani. Deni la spika tutalichangia kama watu wazima.

Waebrania 11:4 inatufundisha kwamba Habili, ingawa amekufa, bado ananena. Ananena kwa sadaka yake mwenyewe, si kwa sadaka tuliyomrekebishia sisi.

Sasa wewe. Katika kanisa lako yuko mzee au mama mwenye nyimbo ambazo hakuna aliyeziandika. Labda anapiga obokano, labda anaimba tu akichuma chai. Wiki hii mtembelee na simu yako. Mwombe ruhusa. Rekodi, andika jina lake na tarehe, mwachie nakala. Na kama aliwahi kukuomba jambo ukamwambia "kwanza paa", rudi kwake leo akiwa bado anaweza kukujibu.

Bwana atusamehe, atupe masikio mapema. Sasa andika Amina, kisha uondoke uende.