Bei Nafuu na Uwezo wa Mnyonge

Kuna hoja iliyozoeleka katika hotuba za wanasiasa na hata katika mihadhara ya baadhi ya wataalamu wa uchumi: kwamba mwananchi wa kawaida nchini Kenya ameneemeka, kwa kuwa leo anamiliki vitu ambavyo babu yake hakuviota. Ana simu, ana redio, ana jozi mbili tatu za viatu, na wanawe huvaa makoti msimu wa baridi wa Julai.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Anayetaka kuipima na afike Gikomba alfajiri, marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Tangu soko lilipofanywa huria mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo hizo kutoka ng'ambo zimewasitiri watu wengi ambao awali walivaa viraka. Mama mwenye shilingi mia moja hutoka pale na sweta ya mtoto, na kwake sweta hiyo si nadharia. Wasomi wanaoibeza mitumba hali mashati yao yametoka huko huko (nao si haba) wangefanya vyema kulikumbuka hilo.

Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kina ushahidi wake katika kesi hii. Bidhaa isiyo ghali husemwa kuwa ni ya bei nafuu. Nafuu ni neno la mgonjwa pia: aliyepata nafuu homa imempungua, lakini bado yu kitandani, na hakuna anayemwambia ashike jembe. Aliyeneemeka naye huitwa mtu mwenye uwezo, mtu anayejiweza. Ilhali asiyejiweza aweza kuwa fukara au mgonjwa, na aghalabu huwa vyote viwili. Wazee walioiunda lugha waliuona ustawi katika kuweza zaidi ya kuwa na vitu.

Je, kuweza nini? Mtazame kibarua anayeishi Mukuru na kutembea kwa miguu kila asubuhi hadi Eneo la Viwanda, Nairobi. Bei ya simu imeshuka hadi akaifikia. Kodi ya chumba, karo ya sekondari na gharama ya matibabu hazikumfuata huko chini. Unga nao, mwaka 2017 na tena mwaka 2022, ulipanda hata serikali ikalazimika kuutilia ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90, na mara ya pili shilingi 100. Simu ile ile ya bei nafuu ndiyo inayopokea ujumbe wa mchango wa jamaa aliyezuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa.

Fauka ya hayo, ipo biashara ya kadogo: mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, sukari ya kufungwa kwa karatasi. Kila kimoja huonekana rahisi. Anayejumlisha hugundua kwamba kilo iliyonunuliwa kwa vipimo vya kikombe imegharimu zaidi ya ile ya mfuko mzima. Mnyonge analijua hilo fika, ila siku anapohitaji mafuta hana fedha za mtungi.

Vyaelea vimeundwa, wahenga walisema. Viwanda vya nguo vya KICOMI kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret viliajiri watu wengi, na mkulima wa pamba akawa na pa kuuza, kabla ya kuporomoka. Si haki kuitwika mitumba lawama yote, maana usimamizi mbovu ulikuwa na mkono wake. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua Rivatex mwaka 2007, nayo ikazinduliwa upya mwaka 2019. Miaka ya katikati haikurudi. Mnunuzi wa sweta rahisi na mfanyakazi aliyepoteza mshahara wanaweza kuwa mtu mmoja, na hesabu inayomtaja mnunuzi pekee ni nusu ya hesabu.

Wala kupiga marufuku si jambo jepesi. Viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipoushikilia uamuzi huo kwa kupandisha ushuru, Marekani iliiondolea mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Urahisi wa bei, kumbe, una walinzi wake.

Sensa ya mwaka 2019 iliziuliza kaya kama zina redio, runinga na vyombo vinginevyo. Orodha hiyo ina faida yake. Sensa ijayo na iongeze swali moja kando yake: mwenye kipato akiugua mwezi mzima, kaya hii itakula nini, na ni kipi kati ya vilivyoorodheshwa kitakachouzwa kwanza?