Nyota Haina Habari ya Safari Yako



Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa Nakivale mama mmoja aliuza mahindi yake, pesa akampa mtazamia nyota. Alitaka kujua kama jina lake litatoka katika safari ya kuhamia ng'ambo. Akaambiwa nyota yake ni Thaur, yaani Ng'ombe, nayo imefungwa. Aongeze pesa ifunguliwe. Akaongeza. Watoto wakakosa ada ya shule.

Basi tuitazame Thaur yenyewe. Mwanzoni mwa Februari, ukimaliza Isha, elekea kaskazini uinue uso. Utaona kishada cha nyota ndogo. Hicho ndicho Kilimia, kwa Kiarabu Thurayya. Wazee wetu walikitumia kujua msimu wa kulima, ndipo kikapata jina. Kwa macho wengi huhesabu nyota sita. Kwa darubini ni zaidi ya elfu moja. Upande wa kulia ipo nyota kubwa yenye wekundu, Ad-Dabaran, maana yake mfuasi, kwa kuwa huchomoza nyuma ya Kilimia. Upana wake ni zaidi ya mara 40 ya jua. Kwenye ncha ya pembe ipo An-Nath. Majina haya ya Kiarabu yanatumika duniani kote hadi leo, na Abdur-Rahman as-Sufi aliziandika nyota hizi kitabuni karibu mwaka 964.

Sasa fikirini. Mwanga wa Ad-Dabaran hutufikia baada ya miaka kama 65, na wa Kilimia miaka kama 440. Mwanga ulioondoka kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa utajuaje habari ya faili lako?

Wapo watakaosema hata Waislamu wa zamani walitabiri kwa nyota. Ni kweli, wapo waliofanya hivyo. Lakini jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), watu wakadhani ni kwa ajili yake, Mtume mwenyewe aliwakataza dhana hiyo. Na Surat Al-An'aam, aya ya 97, yatufundisha kuwa nyota zimewekwa zituongoze njia gizani, barani na baharini.

Kwa hiyo habari ya faili iulizwe ofisini, na riziki iombwe kwa Allah. Nanyi wanafunzi wa Mbarara mnaosoma fizikia, mkirudi likizo watoeni wadogo zenu nje usiku muwaonyeshe Kilimia. Mtoto anayeijua nyota hatadanganywa nayo.

Wabillahi tawfiq.